Saa Kumi na Moja Katika Kiti cha Kati: Tathmini ya Daraja la Kawaida

Kiti changu kilikuwa 34B, yaani kiti cha kati, katika ndege aina ya Boeing 787 iliyopaa usiku wa manane na kutua baada ya saa kumi na moja hivi. Sikukichagua. Nilichelewa kujiandikisha mtandaoni, na nilipofungua ukurasa wa viti nilikuta vimebaki vya kati peke yake, pamoja na vichache vya malipo ya ziada ambavyo sikuona sababu ya kuvilipia. Shirika lenyewe sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanapatikana katika mashirika mengi yenye safari za masafa marefu. Nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue ananunua nini hasa anaponunua tiketi ya daraja la kawaida, na ni kitu gani hawezi kukinunua hata akitaka, kwa sababu kimo mikononi mwa watu watakaoketi karibu naye.

Nianze na kiti chenyewe. Mashirika hutangaza nafasi ya miguu kwa kutaja umbali kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta ileile ya kiti cha mbele, na katika safari hii umbali huo ulikuwa inchi 31, sawa na sentimita 79. Hicho ni kipimo cha kawaida kwa masafa marefu. Katika ndege za mashirika ya bei nafuu umbali huo hushuka hadi inchi 28. Lakini namba hiyo peke yake hudanganya, maana ndani yake umo pia unene wa mgongo wa kiti, kwa hiyo ndege mbili zenye inchi 31 zinaweza kuyatendea magoti yako tofauti kabisa. Viti vya ndege hii vilikuwa vya aina mpya, vyembamba mgongoni, na mfuko wa kuwekea vijarida ulikuwa umepandishwa juu, karibu na skrini, badala ya kuning'inia usawa wa magoti. Mimi si mfupi, na magoti yangu hayakugusa kiti cha mbele pale kilipokuwa wima. Nalipongeza shirika kwa uamuzi huo mdogo wa mfuko kuliko kwa mambo mengi makubwa linalojisifia.

Gharama ya wembamba huo niliijua kuanzia saa ya tano. Mto wa kukalia ni mwembamba vilevile, na baada ya muda mifupa ya nyonga huanza kuhisi chuma kilicho chini yake. Nililikunja blanketi mara nne nikalikalia, na hapo nikapata nafuu hadi mwisho wa safari, ingawa miguu ilibaki bila kitu cha kuifunika.

Upana ndio udhaifu mkubwa zaidi. Kiti kilikuwa na inchi 17 na ushei, takriban sentimita 44, na upana huo unatokana na uamuzi wa shirika, si wa maumbile. Boeing 787 inaweza kupangwa viti vinane katika kila safu au tisa, na karibu mashirika yote yamechagua tisa; Japan Airlines ni miongoni mwa wachache waliobaki na vinane katika ndege zao za kimataifa za aina hiyo. Jambo hilohilo liliikuta Boeing 777, ambayo miaka yake ya mwanzo ilikuwa na viti tisa kwa safu na leo katika mashirika mengi ina kumi, ilhali kiwiliwili cha ndege hakijaongezeka hata sentimita moja. Mwaka 2013 kampuni ya Airbus, mshindani wa Boeing katika kuunda ndege, ilitoa wito kwamba kiti cha masafa marefu kisipungue inchi 18 kwa upana. Ilikuwa na maslahi yake ya kibiashara, lakini yeyote aliyewahi kukaa katikati ya watu wawili wenye mabega mapana anajua kwamba inchi moja si kitu kidogo. Mimi nilikuwa na mama mmoja mzee dirishani, mwembamba na mtulivu, na upande wa njia kijana mwenye mabega ya mpiga makasia. Kwa saa mbili za mwanzo bega lake lilikuwa ndani ya nafasi yangu, na wala hakuwa na kosa, kwa sababu halikuwa na pengine pa kwenda.

Hapo ndipo suala la maegemeo ya mikono linapoingia. Viti vitatu vina maegemeo manne, na hakuna tangazo lolote la ndege linaloeleza nani ana haki ya lipi. Desturi ambayo wasafiri wengi waungwana huifuata ni kwamba anayekaa kati apewe yote mawili ya ndani, kwa sababu wa dirishani ana ukuta wa kuegemea na wa njiani ana mahali pa kunyooshea mguu na uhuru wa kuinuka apendapo, ilhali wa kati hana hata kimoja kati ya hivyo. Naiona desturi hiyo kuwa ya haki, na nisingependa msomaji adhani naitetea kwa sababu tu safari hii mimi ndiye niliyekuwa kati. Sikumwambia kijana neno lolote. Baada ya mlo wa kwanza, aliona nimekunja mikono kifuani kama mtu anayeota baridi, akavuta kiwiko chake, akakiweka mapajani, na kuniambia, "Tumia hili, kaka, mimi nina huku." Kutoka dakika ile safari ilibadilika. Nimekaa katika viti vipana zaidi ya kile nikiwa na jirani mshindani, na nikashuka nimechoka zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniudhi, nalo ni kulaza viti. Chakula kilipokuwa kimeshawekwa mezani na kikombe cha chai ya moto kimejazwa, abiria wa 33B alibonyeza kitufe na kujitupa nyuma kwa uzito wake wote. Ukingo wa juu wa meza ulikisukuma kikombe, chai ikamwagika juu ya mkate na kwenye paja langu la kulia. Haikuniunguza sana. Kilichonikera zaidi ni kwamba mhudumu aliyekuwa hatua mbili kutoka kwetu alileta karatasi za kufutia, akaomba radhi kwa upole wa kweli, lakini hakumwomba yule bwana arudishe kiti. Nikala nikiwa nimeshika trei kwa mkono mmoja, na skrini iko karibu na pua yangu kiasi kwamba macho yalishindwa kusoma maandishi yake.

Nataka kulisema jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu watu hugombana juu yake kana kwamba lina jibu moja. Kitufe kipo, kimewekwa na shirika, na abiria aliyelipa tiketi hawezi kulaumiwa kwa kukitumia usiku wa saa kumi na moja. Anayesema kiti kisilazwe kamwe katika safari ya usiku anadai zaidi ya haki yake. Lakini haki ya kulaza haina maana ya haki ya kulaza wakati wowote na kwa namna yoyote. Wakati wa chakula kiti hukaa wima, na hilo halihitaji mjadala. Nyakati nyingine mtu hugeuka kwanza, akatazama kama aliye nyuma ana kompyuta iliyofunguliwa, mtoto mapajani au kinywaji mezani, kisha akakishusha kiti polepole ili mwenzake apate nafasi ya kujirekebisha. Hayo yote huchukua sekunde tano.

Na bado, lawama kubwa naiweka kwa shirika. Limepunguza umbali kati ya safu, kisha limeweka kiti kinachoweza kuingia katika nafasi ya mtu wa nyuma, kisha limenyamaza, likawaachia abiria wawili wasiojuana wagombanie sentimita ambazo limewauzia wote wawili. Mwezi Agosti mwaka 2014 ndege moja iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver, nchini Marekani, ililazimika kutua Chicago kwa sababu abiria mmoja alifunga kifaa cha plastiki kinachozuia kiti cha mbele kisilale, na aliye mbele akamwagia kinywaji. Watu wengi waliisoma habari ile kama kisa cha watu wawili wasio na adabu. Mimi naiona pia kama kisa cha nafasi iliyouzwa mara mbili. Kuna mashirika, hasa ya safari fupi, yaliyoamua kufunga viti vyao katika mwinamo mdogo usiobadilika, na ingawa kwa safari ya usiku mrefu nisingeupenda mpango huo, kwa saa mbili au tatu naona ni wa busara kuliko ugomvi. Kwa safari ndefu dawa ni rahisi zaidi: tangazo fupi kabla ya kila mlo, na wahudumu walio tayari kulisimamia. Kabla ya kifungua kinywa nilimwendea mkuu wa wahudumu nyuma ya ndege, nikamweleza yaliyonipata, na tangazo likatolewa kwa sauti ya adabu. Viti vyote vya safu zilizo mbele yangu vikarudi wima bila mtu kununa. Yule bwana wa 33B naye alirudisha chake mara moja, na nadhani hata wakati wa mlo wa kwanza angefanya hivyo kama angeombwa.

Niseme pia juu ya skrini, kwa kuwa nayo imezaa tabia ambayo wengi hawaijui kuwa ni kero. Skrini hizi huguswa kwa kidole na zimefungwa nyuma ya kichwa cha mtu. Anayezibonyeza kwa nguvu kama anayegonga mlango humgonga aliye mbele kisogoni, na katika safu ya nyuma yangu palikuwa na mtu mzima aliyecheza mchezo wa namna hiyo kwa karibu saa nzima. Nilipogeuka na kumweleza, alishtuka kwelikweli. Hakuwa na habari. Vivyo hivyo kwa wale wanaoshika mgongo wa kiti cha mbele na kujivuta kila wanapoinuka. Shikilia egemeo lako mwenyewe, au jisukume kwa miguu, umwache aliyelala aendelee kulala.

Hewa ya ndani ya ndege hii ilikuwa nzuri kuliko nilivyozoea, na hapo sifa iende kwa waliobuni chombo. Katika ndege nyingi shinikizo la hewa kabini linaweza kushuka hadi kiwango cha mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,400. Katika Boeing 787, na vilevile katika Airbus A350, kiwango hicho ni takriban mita 1,800. Tofauti hiyo inahisiwa kichwani na tumboni. Gesi hutanuka shinikizo linaposhuka, ndiyo maana chupa ya maji hutuna na tumbo hujaa, na mtu mwenye busara hupunguza vinywaji vyenye gesi kabla ya kupanda. Unyevu wa hewa hata hivyo hubaki mdogo, mara nyingi chini ya asilimia 20, kwa hiyo macho na midomo hukauka. Watu wengi huogopa kwamba hewa hiyo ni chafu, lakini hofu hiyo haina msingi mkubwa: hubadilishwa yote kila baada ya dakika mbili au tatu, na sehemu inayorudishwa kabini hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembechembe ndogo sana. Vichujio hivyo lakini havimsaidii aliyeketi sentimita 40 kutoka kwa mtu aliyejimwagia marashi muda mfupi kabla ya kupanda, au aliyevua viatu na soksi na kuinua nyayo zake hadi kwenye egemeo la mtu wa mbele. Nimeyaona yote mawili katika safari hiihii. Kuvua viatu ni sawa, kwa kuwa miguu huvimba. Soksi zibaki, na nyayo zikae sakafuni.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea saa ya nne. Mhudumu alipita na trei ya maji, nikachukua bilauri, na nikamwona yule mama wa dirishani akikataa kwa kutikisa kichwa kwa mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka kidogo pembeni. Nikamwuliza kama anajisikia vizuri.

"Najisikia vizuri, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimejizuia kunywa tu. Nikinywa nitataka kutoka, na nyinyi wawili mmelala."

Hakuwa ameinuka tangu tulipopaa. Nilimwambia, "Mama, mimi usingizi wangu ni mwepesi. Ukitaka kutoka niguse bega, wala usiombe radhi." Kijana alikuwa amefumbua macho, akasikia, akafungua mkanda wake na kusimama njiani bila kusema kitu. Mama alitoka, akakaa msalani kwa muda, kisha akasimama kidogo nyuma ya ndege akinyoosha miguu, na aliporudi aliomba maji mwenyewe. Tukakubaliana kwamba kila baada ya saa mbili au tatu, yeyote kati yetu atakayeamka ataamsha wengine, na sote watatu tutainuka pamoja.

Nalieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu naona adabu hueleweka vibaya katika ndege. Watu hudhani abiria mwenye adabu ni yule asiyemsumbua mtu yeyote hata kidogo, na matokeo yake waungwana zaidi, hasa wazee na wanawake wanaosafiri peke yao, hujitesa kwa saa nyingi ili jirani asiamke. Hilo si jambo dogo kiafya. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea, iwe ni kwa ndege, gari moshi au basi. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mwenye afya, kama mmoja kati ya 6,000, lakini hupanda kwa wenye umri mkubwa, waja wazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wanaotumia baadhi ya dawa za uzazi wa mpango. Kunywa maji, kuinuka, kuzungusha vifundo vya miguu na kuinua visigino ukiwa umekaa ni mambo ya lazima. Anayekaa upande wa njia amepewa uhuru wa kuinuka, na pamoja na uhuru huo amepewa wajibu wa kuwafungulia wengine njia bila kuguna. Asiyetaka kuamshwa achukue dirisha.

Vyoo viliniangusha. Hadi katikati ya safari vilikuwa safi, lakini kufikia saa ya sita sakafu ya viwili kati ya vitatu vya nyuma ilikuwa imelowa, karatasi zimeisha, na hakuna aliyekuja kuvikagua mpaka karibu na kutua. Nilimwona abiria akiingia kwa soksi, nikamsihi arudi kuvaa viatu. Sehemu ya lawama ni yetu sisi abiria, kwa sababu kufuta sinki kwa karatasi baada ya kunawa ni kazi ya sekunde chache, lakini shirika linalobeba zaidi ya watu 250 usiku kucha lina wajibu wa kuwa na ratiba ya usafi, na kama ratiba ilikuwepo haikufuatwa. Kwa anayeshangaa kuona kisahani cha majivu mlangoni ilhali sigara hazijaruhusiwa katika ndege za abiria kwa miaka mingi, kimewekwa kwa makusudi: kanuni za usalama zinakidai, ili kwamba akitokea mkaidi atakayevuta, asitupe kipisi chenye moto katika pipa la karatasi.

Kuhusu chakula sina mengi. Kilikuwa cha moto, kilitosha, na ladha yake ilikuwa imefifia kama ifanyavyo katika ndege zote, kwa kuwa ukavu wa hewa na shinikizo dogo hupunguza uwezo wa ulimi na pua kuhisi chumvi na sukari.

Safu mbili mbele yetu palikuwa na baba aliyesafiri na mtoto mchanga, na mtoto alilala vizuri hadi ndege ilipoanza kushuka, akaanza kulia kwa nguvu. Nilisikia watu wakivuta pumzi kwa hasira, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watoto wa umri huo wasingeruhusiwa kupanda. Hilo lilinisikitisha. Mtoto analia wakati wa kushuka kwa sababu shinikizo linapanda upesi kuliko sikio lake linavyoweza kusawazisha. Anaumwa, na hajui kumeza mate kama tunavyofanya sisi. Akinyonya, iwe titi, chupa au chuchu ya bandia, mrija wa sikio hufunguka na maumivu hupungua. Mhudumu alifika, akachuchumaa kando ya yule baba, akamsaidia kuandaa chupa huku akimwelekeza amnyonyeshe hadi magurudumu yaguse ardhi, na kilio kikakoma ndani ya dakika mbili. Kwa kitendo kile peke yake wahudumu wa safari hii wanastahili alama za juu. Mapema usiku wahudumu haohao walimsihi kwa upole mtu aliyekuwa akitazama video kwa sauti ya wazi, wakamletea vipokea sauti vya masikioni badala ya kumkemea, na walipitisha maji mara kwa mara gizani kwa hatua nyepesi, bila kumulika watu usoni.

Madirisha ya ndege hii hayana vifuniko vya kuvuta. Yana kioo kinachotiwa giza kwa kitufe, na wahudumu wanaweza kuyafunga yote kwa pamoja. Usiku walifanya hivyo, na kulipopambazuka waliyafungua kidogokidogo kwa muda wa karibu nusu saa, macho yakazoea. Ni utaratibu mzuri unaomaliza ule ugomvi wa zamani kati ya anayetaka kuona mawingu na anayetaka kulala.

Malalamiko yangu ya mwisho yanahusu makabati ya juu na mwenendo wa kushuka. Wakati wa kupanda, waliotangulia walijaza makabati kwa makoti, mifuko midogo na vifurushi vya dukani, na waliofuata wakabaki njiani na mabegi yao, foleni ikasimama. Begi lenye magurudumu ndilo la juu. Kilichobaki kikae chini ya kiti cha mbele, hata kama kitakula nafasi ya mguu. Ndege ilipotua, kabla taa ya mikanda haijazimwa, watu wasiopungua ishirini walishasimama na kufungua makabati huku chombo kikiendelea kutembea. Hili silihesabu tena kama suala la adabu. Ndege haipewi cheti cha kubeba abiria mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa, na hesabu hiyo inategemea kila mtu atoke mikono mitupu. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kushika moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ile ndogo walifariki, lakini watu wote 379 waliokuwa katika Airbus walitoka hai, wakiacha mizigo yao iteketee. Anayezoea kunyakua begi kabla ya kuruhusiwa siku ambayo hakuna hatari, sijui mkono wake utaachaje kunyakua siku ya moshi.

Safu yetu tulibaki tumekaa. Njia ilipofunguka, kijana aliuliza begi la mama ni lipi, akalishusha, akalivuta mpini wake na kulisimamisha mbele yake, kisha akarudi nyuma hatua moja na kuizuia foleni kwa mgongo wake mpana hadi mimi na mama tulipotoka. Mabega yaleyale yaliyonibana saa mbili za mwanzo ndiyo yaliyotupa nafasi ya kutoka bila kusukumwa.

Kwa kiti nalipa shirika hili alama sita kwa kumi, kwa hewa na ukimya wa ndege tisa, kwa vyoo nne, na kwa wahudumu tisa, ambayo ingekuwa kumi kama tangazo la viti lingetolewa kabla ya mlo wa kwanza badala ya wa pili. Nimewaandikia kuhusu vyoo na kuhusu tangazo hilo, wakajibu ndani ya siku nne kwamba la pili wamelipeleka kwa wakufunzi wa wahudumu. Kuhusu vyoo waliomba radhi tu. Safari ya kurudi nimekwisha kuikata nao, ndege ya aina ileile. Safari hii niliwahi kujiandikisha, nikachukua 34C, upande wa njia, na atakayeketi dirishani nitamwambia kabla hatujapaa kwamba anaweza kuniamsha saa yoyote.